Afya ya Moyo wa Mhamiaji: Historia ya Wakorea Ugenini Marekani



Karibu kila juma hupokea nia za Misa kwa ajili ya watoto wetu walio ughaibuni. Mzazi huandika jina la mwanawe, hutaja nchi aliko, na mara nyingi huongeza kwa furaha: "Anaendelea vizuri, Padre, juzi ametuma fedha za bati." Nami humshukuru Mungu pamoja naye. Hata hivyo, neno hilo "vizuri" hunirudia usiku. Je, mtu aliye ugenini akituma fedha, ndiyo kusema ni mzima? Ustawi wa mhamiaji tuupime kwa kipimo gani?

Juma hili nimeona tulitafakari swali hilo kwa njia ya historia, tena historia ya watu walio mbali nasi: Wakorea waliohamia Marekani. Nimewachagua wao kwa sababu safari yao ina zaidi ya miaka 120, wataalamu wameichunguza kwa makini, na Kanisa limekuwa ndani yake tangu siku ya kwanza. Atakayeisoma kwa moyo mtulivu atawaona humo hata watoto wa parokia yetu.

Tarehe 13 Januari 1903, meli iitwayo Gaelic ilitia nanga Honolulu, visiwani Hawaii, ikiwa imewabeba Wakorea wapatao 100, wanaume kwa wanawake na watoto. Nyumbani kwao kulikuwa na ukame na njaa, na ufalme wao ulikuwa unayumba kati ya mataifa makubwa. Huko Hawaii, wenye mashamba ya miwa walihitaji vibarua wapya, wasiwategemee Wajapani peke yao, ambao walikuwa wengi na walikwisha kuanza kugoma. Wakorea wengi walisita, maana kuyaacha makaburi ya wazee lilikuwa jambo zito. Waliowatia moyo walikuwa baadhi ya wamisionari, hasa mchungaji wa Kimethodisti wa mji wa Incheon, George Heber Jones. Karibu nusu ya abiria wa meli ile ya kwanza walitoka katika usharika wake. Kufikia mwaka 1905, Japani ilipoitia Korea chini ya himaya yake na uhamiaji ukasimama, zaidi ya Wakorea 7,000 walikuwa wamekwisha kufika Hawaii.

Maisha ya shambani yalikuwa magumu. Waliamshwa kabla ya mapambazuko, wakafanya kazi saa 10 kwa siku, siku 6 kwa juma, na mwanamume alipata kama dola 16 kwa mwezi. Kila kibarua alipewa kibati chenye namba, na wasimamizi walimwita kwa namba hiyo badala ya jina lake. Naomba tusimame kidogo hapa, wapendwa. Mgongo uliochoka hupumzika usiku, lakini mtu anayeitwa namba kutwa nzima ataponywa na nini jioni? Wakorea wale walijibu kwa matendo. Mwaka huohuo wa 1903 walianza kukusanyika kwa ibada, na Jumapili ndiyo ikawa siku ambayo mtu aliitwa tena kwa jina lake, kwa lugha ya mama yake, na kwa heshima inayostahili umri wake.

Wengi walikuwa wanaume wasio na wake. Kuanzia mwaka 1910 hivi hadi mwaka 1924, sheria ya Marekani ilipoufunga mlango kabisa, mamia ya wasichana wa Kikorea walivuka bahari kwenda kuolewa na wanaume waliowajua kwa picha tu. Baadhi ya wanaume walituma picha za ujana wao, na binti aliyeshuka bandarini akitazamia kijana alipokelewa na mtu mwenye umri wa kuwa baba yake. Wapo waliolia kwa siku nyingi. Lakini hao hao ndio waliozijenga familia, wakafua nguo za vibarua na kuwapikia, wakaweka akiba na kuwasomesha watoto. Mwaka 1919, habari za maandamano ya kudai uhuru zilipowafikia kutoka Korea, kinamama wa Hawaii waliunda chama cha misaada na kuanza kuchangisha fedha kwa ajili ya ndugu zao walioteswa.

Bara, huko California, alikuwako kijana aitwaye Ahn Chang-ho. Alifika San Francisco mwaka 1902, akiwa na nia ya kusoma. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwakuta Wakorea wawili, wachuuzi wa jinsengi, wakipigana barabarani na kuvutana nywele, huku watu wakiwazunguka na kuwacheka. Jambo hilo lilimchoma. Akaweka kando masomo yake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa Wakorea wenzake, akifagia, akisafisha madirisha na vyoo, na kuwasihi waishi kwa amani. Mwanzoni walimshuku, baadaye wakamwelewa. Mwaka 1903 akaanzisha chama cha urafiki, kisha akaenda Riverside kuchuma machungwa pamoja na vibarua wenzake, akiwafundisha kwamba hata kuchuma chungwa moja kwa uangalifu ni huduma kwa taifa. Huyu alikuja kuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati za uhuru wa Korea, na alifariki mwaka 1938 baada ya kufungwa na Wajapani. Nampenda kwa jambo moja: alitambua kwamba mgeni aliyevunjika moyo haponi kwa hotuba. Huhitaji kwanza mtu wa kuingia nyumbani kwake na ufagio.

Ikumbukwe kwamba watu hao walikuwa kama yatima wa dunia. Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea kabisa, wakabaki bila nchi. Marekani nayo haikuwaruhusu watu wa Asia kuomba uraia. Kwa Wakorea kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1952 tu. Na sheria ya California ya mwaka 1913 iliwazuia kumiliki mashamba. Mwaka huohuo wa 1913, Wakorea waliokwenda kuchuma matunda katika mji wa Hemet walizingirwa na kundi la Wazungu na kurudishwa kwa nguvu kwenye treni. Ubalozi wa Japani ulipotaka kuwasemea, chama chao kilikataa na kuiandikia serikali ya Marekani: sisi si raia wa Japani. Hawakuwa na pasipoti yenye maana, lakini walijua wao ni nani.

Na katika ujira wao mdogo walitoa. Walichangia shule, magazeti na harakati za uhuru. Mwaka 1954, Korea ikiwa ndiyo kwanza imetoka katika vita, chuo kilifunguliwa Incheon, bandari ileile waliyoondokea, kwa msaada wa michango ya wahamiaji wa Hawaii. Kiliitwa Inha: silabi ya kwanza ni ya Incheon, ya pili ni ya Hawaii. Leo ni chuo kikuu.

Wimbi kubwa lilikuja baadaye. Sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilifungua mlango. Mwaka 1970 Wakorea nchini Marekani walikuwa wapatao 70,000. Kufikia mwaka 1990 walikuwa karibu 800,000. Hawa hawakuwa vibarua wa miwa. Wengi walikuwa watu wa mjini, waliosoma: walimu, wauguzi, wafamasia, watumishi wa ofisi. Walipofika, Kiingereza kiliwakwamisha na vyeti vyao havikutambuliwa. Mhitimu wa chuo kikuu akajikuta anasafisha ofisi usiku au anapanga nyanya dukani. Wengi wakageukia biashara ndogo: maduka ya vyakula, mboga, pombe, udobi. Familia nzima ilifanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku. Baba na mama walisimama dukani, na mtoto alifanya mahesabu ya shule nyuma ya mashine ya fedha.

Mtaji ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika desturi yao iitwayo kye, ambayo kinamama wa parokia yetu wataitambua mara moja, maana ni upatu. Watu kadhaa huchanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea chungu chote. Hakuna benki wala dhamana isipokuwa uaminifu. Kwa njia hiyo mtu asiyejulikana na benki yoyote aliweza kufungua duka. Na kama ilivyo kwetu, mmoja alipokula fedha na kutoroka, zilipotea fedha na udugu pia.

Kwa macho ya nje hao walikuwa wamefanikiwa. Nyumba ilinunuliwa, mtoto akaingia chuo kikuu, fedha zikatumwa Seoul. Lakini wachunguzi waliouliza habari za moyo walipata majibu mengine. Mwaka 1984 mtaalamu Wen Kuo alichapisha uchunguzi uliofanyika Seattle miongoni mwa Wachina, Wajapani, Wafilipino na Wakorea, na Wakorea ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Wanasosholojia Won Moo Hurh na Kwang Chung Kim, waliowachunguza Wakorea wa Chicago, walionyesha mwaka 1990 kwamba ustawi wa nafsi haupandi siku zote sambamba na miaka ya kukaa ugenini. Miaka ya mwanzo ni ya taabu. Kisha hali hutengemaa na matumaini hukua. Halafu hufika mahali yakasimama, kama mtu aliyepanda mlima na kukuta kilele si kile alichokitazamia. Wataalamu hao waliandika pia juu ya mzigo wa kinamama: mke aliyefanya kazi dukani sawa na mumewe alirudi nyumbani na kukuta jiko, nguo na watoto vinamngoja yeye peke yake.

Wakorea wenyewe wana jina la maumivu ya namna hiyo: hwabyung, yaani ugonjwa wa moto. Ni hasira na uchungu uliomezwa kwa miaka mingi. Mgonjwa husikia joto likipanda kifuani, pumzi hubana, na huhisi kama donge limekaa chini ya kifua. Mwaka 1983 daktari Keh-Ming Lin aliwaeleza madaktari wenzake habari za wagonjwa watatu Wakorea waliokuwa Marekani wenye hali hiyo, na mwaka 1994 jina hilo likaingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Kiswahili nacho kinasema juu ya mtu mwenye donge moyoni. Wahenga wa pande zote mbili za bahari waliona jambo lilelile: kilichonyimwa kinywa hutafuta njia nyingine mwilini.

Dawa yao kubwa ilikuwa wapi? Hapa tunarudi kanisani. Uchunguzi mbalimbali umeonyesha kwamba Wakorea takribani 7 kati ya 10 huko Marekani walikuwa wanachama wa kanisa fulani, idadi iliyo kubwa kuliko ile ya nchini kwao. Wengi wao ni Waprotestanti. Wakatoliki ni wachache, lakini nao wana jumuiya zao na Misa kwa lugha yao. Mwanasosholojia Pyong Gap Min, aliyechunguza makanisa ya New York, aliandika mwaka 1992 kwamba makanisa hayo hufanya kazi nne nje ya ibada: kuwapatia watu udugu, kutunza lugha na mila, kutoa huduma kama vile kumtafutia mgeni kazi na nyumba, na kumrudishia mtu heshima. Hii ya nne nimeitafakari sana. Mtu anayeamkiwa kwa dharau dukani siku 6, siku ya 7 anaitwa mzee wa kanisa. Ile namba ya kibati ya mwaka 1903 inafutwa tena.

Nasi Wakatoliki tusishangae kwamba Wakorea waliweza kuwa Kanisa mahali pasipo na nyumba yao. Imani yetu katika Korea haikuletwa kwanza na mapadre, bali na walei. Yi Seung-hun alibatizwa Beijing mwaka 1784 na kurudi nyumbani na vitabu, na jumuiya ikaishi miaka kama kumi bila padre mkazi. Madhulumu yalipokuja, waamini walikimbilia milimani, wakafinyanga vyungu na kuviuza ili waishi, wakawa wageni katika nchi yao wenyewe. Miongoni mwa mashahidi 103 waliotangazwa watakatifu na Papa Yohane Paulo II mjini Seoul tarehe 6 Mei 1984, yumo Padre Andrea Kim Taegon, aliyesomea upadre Macau, mbali na mama yake, na kuuawa mwaka 1846.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Makanisa ya ugenini yaliponya, tena yakajeruhi. Kwa sababu cheo cha kanisani kilikuwa ndicho heshima pekee iliyobaki, watu walikigombania, na sharika nyingi ziligawanyika. Vijana waliokua kwa Kiingereza walikaa katika ibada wasizozielewa, kisha wakaondoka kimya kimya. Tena palikuwa na kosa jingine, gumu zaidi kuliona: jumuiya iliyojikusanya vizuri kwa ndani ilikuwa haijawajua majirani zake.

Kosa hilo lilidhihirika Los Angeles. Wakorea wengi walikuwa na maduka katika mitaa ya Waafrika-Wamarekani maskini, mahali ambapo maduka makubwa yalikwisha kuondoka. Mwenye duka alimwogopa mteja, na mteja alijiona anadharauliwa. Mwezi Machi 1991 mwenye duka mmoja Mkorea alimpiga risasi na kumuua binti wa miaka 15 katika ugomvi juu ya chupa ya maji ya machungwa, na mahakama haikumpeleka gerezani. Jeraha la mama wa binti yule, na la watu wake, halikuwa dogo, na lazima litajwe kabla hatujayataja maduka. Tarehe 29 Aprili 1992, polisi waliompiga Rodney King walipoachiwa huru, jiji lililipuka. Watu zaidi ya 50 walikufa, akiwamo kijana Mkorea wa miaka 18. Maduka ya Wakorea takribani 2,300 yaliporwa au kuchomwa, na hasara yao ilifika kama dola milioni 400. Polisi hawakuonekana. Redio ya Kikorea ndiyo iliyopokea simu za watu waliokuwa wakilia hewani kuomba msaada. Wengi walikuta kwamba bima zao hazilipi kitu.

Wakorea huyaita matukio hayo Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa, tarehe ya siku ile. Lakini siku chache baadaye, tarehe 2 Mei, watu wapatao 30,000 waliandamana katika mtaa wa Koreatown wakidai amani, Wakorea pamoja na watu wa rangi nyingine. Tangu hapo wengi walikiri kwamba kufanya kazi kwa bidii na kusali kati yao hakukutosha. Walihitaji pia kuwa na majirani, kupiga kura, na kuwa na watoto watakaowasemea kwa lugha ya nchi. Wale vijana waliokuwa wakitafsiri barua za benki nyuma ya kaunta ndio waliosimama sasa mbele ya vyombo vya habari kuwasemea wazazi wao.

Wapendwa, historia hii inatufundisha nini sisi tuliobaki nyumbani?

Kwanza, tusiwapime watoto wetu kwa bati na tofali. Mtoto anapopiga simu, kabla ya kumweleza ada na ugonjwa wa shangazi, tumwulize: Jumapili unakula na nani? Nani huko anakuita kwa jina lako? Unalala usingizi? Na akinyamaza, tusiharakishe kuujaza ukimya huo kwa maombi ya fedha. Inawezekana ana donge asilothubutu kulitaja, kwa kuwa tumekwisha kuwatangazia majirani kwamba anaendelea vizuri.

Pili, mhamiaji anayeumwa moyo asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo. Asali, ndiyo, na amwone daktari pia. Kanisa la Wakorea lilisaidia pale lilipokuwa mahali pa kusema ukweli. Liliumiza pale lilipokuwa jukwaa la kuonyesha mafanikio.

Tatu, sisi nasi tunao wageni. Katika parokia yetu wapo waliokuja kutafuta kazi, wanaokaa benchi la nyuma na kuondoka mara baada ya baraka ya mwisho. Tunawajua kwa kazi zao: yule mlinzi, yule fundi, yule dada wa kazi. Hiyo nayo ni namba ya kibati. Bwana alijitambulisha na mgeni, akasema kwamba siku ya mwisho tutaulizwa kama tulimkaribisha. Nadhani tutaulizwa pia kama tulilijua jina lake.

Basi kwa juma hili nawaomba jambo moja tu. Kila mmoja, baada ya Misa ya Jumapili, amtafute mtu mmoja asiyemjua, amwulize jina, na juma litakalofuata amsalimu kwa jina hilo. Nanyi wazazi mtakaoleta nia za Misa kwa ajili ya watoto walio mbali, msiniandikie tena kwamba wanaendelea vizuri mpaka mmewauliza.

Mtakatifu Andrea Kim Taegon na wenzake mashahidi, mtuombee. Nawatakieni juma jema lenye amani. Tumsifu Yesu Kristo!